Neno "tea" la Kiingereza limetoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

"Tea" na "chai" ni neno moja au mawili?

Ni moja. Yote mawili ni matamshi ya herufi moja ya Kichina, 茶, ambayo kila mkoa huisoma kwa ulimi wake. Watu wa Guangzhou na Macau husema "cha". Beijing nao husema "cha", ila toni ni nyingine. Lakini ukishuka Xiamen, bandari ya mkoa wa Fujian ambayo Wazungu waliiita Amoy, utasikia "te". Aliyenunua majani kwa watu wa Fujian aliondoka na "te", na aliyenunua kwa wengine aliondoka na "cha". Kiingereza kikaishia na la kwanza, Kiswahili na la pili. Mmea ni ule ule, na neno ni lile lile.

T inawezaje kuwa ch?

Anayejua lahaja za Kiswahili hahitaji kwenda Uchina kutafuta mfano. Mtu wa Unguja husema mchele, mchanga, macho, kucheka. Mtu wa Mvita husema mtele, mtanga, mato, kuteka. Hakuna anayedhani mtele ni nafaka tofauti na mchele. Ni neno moja lililopita midomo miwili, na ukishaijua kanuni unaweza hata kubashiri: ukisikia mchuzi Unguja, tarajia mtuzi Mombasa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa 茶. Wataalamu wa Kichina cha kale wanakadiria kwamba zamani neno hili lilianza kwa sauti ya d yenye r nyuma yake, kitu kama "dra". Katika lahaja nyingi sauti hiyo ilisogea taratibu ikawa ch. Lahaja za Kimin, zinazosemwa Fujian, zilikuwa zimeshajitenga kabla ya mabadiliko hayo, zikabaki na t. Irabu nayo ikasogea kwa Wamin, a ikawa e. Ndiyo "te".

Mfano wa mtele una mpaka wake, usiuvute kupita hapo. Kwa Wachina t ndiyo iliyo karibu na sauti ya kale na ch ikaja baadaye. Kwetu ni kinyume: ch ya Unguja ndiyo kongwe, t ya Mvita ndiyo mageuzi.

Waingereza walilipata kwa nani?

Kwa Waholanzi, na Waholanzi kwa wafanyabiashara wa Fujian waliokuwa wakifika Java na majahazi yao. Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India ilianzishwa mwaka 1602 na ikajenga biashara yake Bantam, kisha Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Wachina waliokuwa wakiuza bidhaa huko wengi walikuwa wasemaji wa Kimin. Kimalei nacho kilikuwa kimechukua neno hilo hilo, "teh". Waholanzi wakaliandika "thee", Wafaransa "thé", Waingereza "tea". Hiyo h ya Waholanzi na Wafaransa ni pambo la tahajia tu, haikuwahi kutamkwa.

Je, ni kweli Waingereza waliwahi kusema "cha"?

Ni kweli, na walianza nalo. Tafsiri ya Kiingereza ya safari za Mholanzi Jan Huyghen van Linschoten, iliyochapishwa mwaka 1598, inataja kinywaji kiitwacho "chaa". Mwaka 1615 Richard Wickham, wakala wa kampuni ya Kiingereza aliyekuwa Hirado, Japani, alimwandikia mwenzake barua akimwomba amnunulie chungu cha "chaw" iliyo bora.

Ushahidi mtamu zaidi ni tangazo la gazeti la Mercurius Politicus la London la Septemba 1658. Linanadi kinywaji cha Kichina ambacho, kwa maneno ya tangazo lenyewe, Wachina hukiita "Tcha" na mataifa mengine "Tay alias Tee". Matamshi matatu katika mstari mmoja! Mwuzaji hakuwa na hakika mteja analijua lipi, akayaweka yote. Miaka 2 baadaye, tarehe 25 Septemba 1660, Samuel Pepys aliandika katika shajara yake kwamba ameagiza kikombe cha "tee", kinywaji cha Kichina ambacho hakuwahi kukionja. Biashara ya Waholanzi ikaendelea kusukuma "te", na "cha" likafifia. Baadaye lilirudi kwa mlango wa nyuma: askari na makarani wa Kiingereza waliokaa India walikuja nalo, na hadi leo utamsikia Mwingereza akiomba kikombe cha "char".

Kama lilitoka "te", kwa nini leo linatamkwa "tii"? Na hiyo "ea" ni ya nini?

Tahajia imeganda, matamshi yamehama. Katika karne ya 17 Mwingereza alilitamka kwa e ndefu, karibu na "tee" kama ambavyo Mswahili angelisoma. Herufi "ea" zilikuwa njia ya kawaida ya kuandika e hiyo ndefu, kama katika "sea" na "meat".

Ushahidi uko kwenye vina. Alexander Pope, katika toleo la mwaka 1714 la shairi lake, alifanya "tea" liwe kina kimoja na "obey". Mshairi aliyejali vina kama Pope hangeweka "tii" na "obei" pamoja. Ni sawa na mtunzi wetu kufunga vina kwa "ndizi" na "ndizo". Katika karne ya 18 kundi zima la maneno ya "ea" lilipanda likawa na i ndefu: "sea" ikawa sii, "meat" ikawa miit, na "tea" ikafuata. Matatu yalikataa kupanda, "great", "break" na "steak", nayo ndiyo yanayowasumbua wanafunzi hadi leo. Ireland matamshi ya zamani yalidumu zaidi. Waandishi wakitaka kuonyesha mhusika ni Mwairishi wa mashambani humwandikia "tay".

Nimesoma kwamba T.E.A. ni kifupi cha maneno ya Kireno yaliyoandikwa kwenye makasha ya Malkia Catherine. Ni kweli?

Si kweli, ingawa hadithi hii imeenea sana. Inasema kwamba Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno, alipokwenda Uingereza kuolewa na Charles wa Pili, makasha yake ya majani yalikuwa na maandishi "Transporte de Ervas Aromáticas", yaani usafirishaji wa mimea yenye harufu nzuri, na Waingereza wakasoma herufi tatu za mwanzo.

Tuivunje hatua kwa hatua, kwa sababu hatua hizi zinafaa kwa hadithi yoyote ya asili ya neno utakayoletewa.

Kwanza, tarehe. Catherine alifika na kuolewa Mei 1662. Tangazo la "Tee" ni la 1658 na Pepys ni 1660. Neno haliwezi kumtangulia mzazi wake. Hatua hii peke yake huua hadithi nyingi za aina hii, basi ianze siku zote: tafuta neno liliandikwa wapi kwa mara ya kwanza, mwaka gani.

Pili, muulize anayedaiwa kuwa chanzo. Wareno wenyewe chai huiita "chá". Kama makasha ya Kireno ndiyo yaliyozaa neno, ingekuwaje wenye makasha wasilitumie?

Tatu, tazama majirani. Waholanzi, Wafaransa, Wajerumani na Wamalei wote wana "te" ya namna fulani. Hadithi inayoeleza Kiingereza pekee na kuwaacha hao wote bila maelezo imepungukiwa.

Nne, shuku vifupisho. Kuunda neno la kawaida kwa herufi za mwanzo ni mtindo wa karne ya 20, enzi za majeshi na mashirika. Ukiambiwa neno la karne ya 17 ni kifupisho, uwezekano mkubwa ni kwamba mtu alilikuta neno kisha akalitafutia maneno ya kujaza.

Watu wengi hukosea kwa kuanza na hatua ambayo haimo kabisa kwenye orodha hii: kufanana kwa sauti. Maneno mawili kufanana ni dalili ya kuanza kutafuta tu, haithibitishi kitu.

Na ile kanuni ya "te kwa bahari, cha kwa nchi kavu"?

Inasema kwamba walioletewa chai kwa meli husema "te", na walioletewa kwa misafara husema "cha". Ni kanuni nzuri ya kukumbukia, mbaya ya kuapia. Sehemu yake ya nchi kavu ina nguvu: Kiajemi, Kirusi, Kituruki na lugha za Asia ya Kati zina "chay" au jamaa yake, na misafara ya ngamia na farasi ndiyo iliyoipeleka. Sehemu ya bahari ndiyo inayovuja.

Wareno walikwenda kwa bahari, tena mapema kuliko Waholanzi. Walijikita Macau mwaka 1557, ambako watu husema Kikantoni, wakachukua "chá". Wajapani nao walichukua "cha" kwa kuvuka bahari. Na Kiswahili? Hakuna ngamia aliyebeba chai hadi Lamu. Lililetwa na vyombo vya Bahari ya Hindi, na bado ni "chai". Kinachoamua ni nani alikuwa mwuzaji wa mwisho kabla yako na yeye alikuwa akiiitaje. Bahari au nchi kavu ni habari ya pili.

Ukitaka kuona jinsi mpaka unavyoweza kuwa mwembamba, nenda kusini mwa India. Kerala husema "chaya". Vuka tu uingie Tamil Nadu, unakuta "tenir", yaani "te" pamoja na "nir", maji. Poland wao walikwenda njia yao: "herbata", kutoka maneno ya Kilatini yenye maana ya mmea wa te, kwa hiyo t ya Fujian imejificha katikati ya neno. Na Myanmar, ambako majani haya huliwa pia kama kachumbari, wana neno lao wenyewe, "lahpet", lisilofuata mkondo wowote kati ya hii miwili.

Afrika imegawanyikaje?

Kwa lugha ya aliyeleta. Kichewa ni "tiyi", Kizulu "itiye", Kixhosa "iti", Kiyoruba "tii": wote hao walisikia kwa Waingereza au majirani zao wa Ulaya. Kimalagasi husema "dite", na hapo utaona kipande cha sarufi ya Kifaransa kimemezwa kizimakizima, "du thé". Upande wa pili, Kikuyu "cai", Kiganda "caayi", Kirundi "icayi" na Kinyarwanda "icyayi", zote hizi zikiwa upande wa Kiswahili. Kihausa "shayi", Kiamhari "shay" na Kisomali "shaah" zimepitia Kiarabu.

Safiri kutoka Tukuyu, kusini mwa Tanzania, hadi Malawi, pande zote mbili zenye mashamba makubwa ya chai, utaagiza "chai" upande mmoja na "tiyi" upande wa pili. Umevuka mpaka wa Uholanzi na Uajemi bila kutoka kusini mwa Tanzania zaidi ya mwendo wa siku moja.

Kiswahili kililipata kwa nani hasa?

Jibu liko kwenye sauti mbili, ya kwanza na ya mwisho.

Kiarabu sanifu hakina ch, kwa hiyo neno likawa "shay". Lugha zilizolichukua huko zina sh hata pale ambapo ch ingewezekana. Kiamhari kina ch tele, ila kinasema "shay". Kiswahili kina ch, maana yake kilisikia kwa watu wenye ch kinywani. Hao ni Wahindi, Waajemi, au Waarabu wa Ghuba, ambao wengi wao katika mazungumzo husema "chay" bila kujali Kiarabu sanifu kinasemaje.

Kisha i ya mwisho. Kichina hakina. Waajemi ndio walioongeza y mwishoni, na lugha zilizopitia kwao zimebaki nayo. Kigujarati, lugha ya wafanyabiashara wengi wa Kihindi katika pwani yetu, husema "cha" tu. Kwa hiyo duka la Mgujarati pekee halitoshi kueleza "chai". Umbo letu linalingana zaidi na Kihindi, Kiajemi na Ghuba. Kuchagua moja kati ya hayo matatu kwa sauti pekee haiwezekani, na huenda hapana haja, kwa kuwa mabaharia wa bandari hizo walikuwa wakisikilizana.

Kwa nini hatusemi "chai hiki, vyai hivi"?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Neno linaloanza na ch- likifuatwa na irabu lina sura ya ngeli ya KI-VI: chakula ni vyakula, chombo ni vyombo. Maneno ya kukopwa pia hunaswa humo. "Cheti" lilitoka India bila uhusiano wowote na ki-, lakini leo tuna "vyeti". "Kitabu" la Kiarabu likatoa "vitabu". "Chai" halikunaswa, tunasema chai hii imepoa. Sababu iliyo karibu ni kwamba chai ni kinywaji, haihesabiki. Hakuna aliyewahi kuhitaji wingi wake, na bila wingi hakuna cha kumlazimisha msemaji achague vy-. Vikombe ndivyo vinavyohesabiwa.

Niko Marekani, nikiagiza "chai" naletewa kitu kitamu chenye mdalasini. Kwa nini?

Kiingereza kimelikopa neno mara ya pili. "Tea" ilipokuwa imeshachukua nafasi ya kinywaji kwa jumla, "chai" ya Kihindi ilipoingia katika karne ya 20 ilipewa kazi nyembamba: chai ya maziwa yenye viungo, iliki, tangawizi, mdalasini, karafuu. Ndiyo maana menyu huandika "chai tea" bila aibu, ingawa kwetu inasomeka "chai chai". Ukitaka chai ya rangi omba "black tea". Ukitaka ya maziwa isiyo na viungo, omba "tea with milk", na uwe tayari kupewa maziwa baridi pembeni, kwa sababu wao hawayachemshi pamoja na majani.

Nimealikwa "tea" Uingereza. Nile kabla ya kwenda?

Inategemea mwenyeji. Kaskazini mwa Uingereza, na kwa familia nyingi za wafanyakazi, "tea" ni chakula cha jioni, cha moto na cha kushiba, kati ya saa 11 na saa 1 usiku. Ukienda umeshiba utamvunja moyo mpishi. "Afternoon tea" ni ya mchana, saa 9 au 10 alasiri, na vitafunio vidogo. "High tea" ndiyo inayokosewa zaidi: hoteli huiuza kama jambo la kifahari, lakini asili yake ni mlo mzito wa mfanyakazi aliyetoka kazini. Sisi tulilisogeza neno upande wa pili wa siku. Ukimwambia mtu "hujanywa chai bado?" asubuhi, unauliza habari za kifungua kinywa, hata kama amekunywa uji.

Je, rooibos (majani mekundu ya Afrika Kusini) na mchaichai ni "tea"?

Kwa mtaalamu wa mimea, hapana. "Tea" ni Camellia sinensis, ambayo mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753 aliiita Thea sinensis, kwa neno lile lile la Fujian lililovishwa Kilatini. Kwa mzungumzaji wa kawaida, ndiyo. Kiingereza kimelipanua neno likabeba majani yoyote yaliyotiwa maji ya moto. Kiswahili kimefanya hivyo kwa ustadi zaidi: kimechukua nyasi yenye harufu ya limau, isiyo na undugu wowote na mchai, kikaipa jina mchaichai.

Kwenye magunia ya mnada wa Mombasa kuna BP1, PF1, PD. Ni Kiingereza?

Nusu. P ni "pekoe", na hilo ni neno la Kimin kutoka pwani ile ile iliyotoa "te". Linaundwa na "nyeupe" na "nywele", yaani manyoya meupe yanayofunika chipukizi changa. Mnada huu ulianza Nairobi mwaka 1956 ukahamia Mombasa mwaka 1969, na wauzaji hulitamka "piko". Usitafute manyoya humo. Katika chai inayosagwa na kuviringishwa kwa mashine, kama ilivyo nyingi ya Kenya, herufi hizo zinaeleza ukubwa wa chembe peke yake: BP1 ni kubwa, PF1 ni ndogo zaidi, PD inafuata, na D1 ni vumbi.

Vijana wa Marekani wakisema "tea" mtandaoni wana maana gani?

Umbea, habari za ndani, ukweli uliofichwa. Matumizi hayo yalianzia katika jamii ya Wamarekani weusi, kwenye maonyesho ya wanaume wanaovaa kike, na inaelezwa kwamba mwanzoni ilikuwa herufi T, kwa neno la Kiingereza lenye maana ya ukweli. Kwa hiyo hapa asili ni nyingine, imekuja kulalia juu ya kinywaji kwa sababu vinatamkwa sawa.

Tahadhari unapotafsiri. Kwa Mtanzania kijana, "hiyo chai" ni uongo uliopikwa, stori isiyo na kichwa wala miguu. Kwa afisa anayekuzungusha ofisini, "chai" ni rushwa. Mmarekani akiandika kwamba ameleta "tea" ana maana ana ukweli mkononi. Ukiitafsiri "ameleta chai" kwa wasomaji wa Dar es Salaam, umemgeuza mwongo.